Mfadhili, Mtoaji, Mchangiaji: Mama Aliyeacha Mstari Wazi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wafasiri na wahariri wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa niseme juu ya neno la Kiingereza donor na namna tunavyolitaja kwa Kiswahili. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifanya nilifikirie neno hili kwa miaka mingi.

Niliwahi kupewa kazi ya kutafsiri fomu za hospitali moja zilizohusu upandikizaji wa figo. Kila palipoandikwa donor niliandika mfadhili, kwani ndivyo masikio yangu yalivyozoea, na wala sikusita. Baada ya muda, muuguzi aliyezitumia fomu hizo alinieleza habari za mama mmoja aliyefika tayari kumpa kaka yake figo. Mama huyo alijaza kila mahali kwa uangalifu, lakini mstari uliotaka jina la mfadhili aliuacha wazi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba familia yao haikupata mfadhili. Walikuwa wakiuza walichonacho ili walipe gharama wenyewe. Mtu aliyekuwa anatoa sehemu ya mwili wake alilisoma neno nililomwandikia, akalipima, akaona kwamba halimhusu. Alikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi.

Tulitazame neno lenyewe kwanza. Donor limetokana na Kilatini, ambako donum ni zawadi na kitenzi kilicho nyuma yake ni kile cha kutoa au kupa. Liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha wanasheria, na kwa muda mrefu lilikaa katika hati za ardhi kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1285, katika utawala wa Edward wa Kwanza, Uingereza ilipitisha sheria iliyohusu ardhi iliyotolewa kwa masharti: mtu alimpa mwanawe shamba liwe lake yeye na uzao wake, na kama uzao huo ungekatika, shamba lirudi kwa aliyelitoa au kwa warithi wake. Sheria hiyo iliagiza kwamba matakwa ya mtoaji, kama yalivyoandikwa wazi katika hati, yafuatwe. Nawaomba muliweke akilini jambo hili, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba masharti ya watoaji ni mazoea ya juzi yaliyoletwa na mashirika ya misaada. Sivyo. Aliyetoa na aliyeweka sharti walikuwa mtu mmoja tangu neno hili lilipokuwa changa.

Hata hivyo, pamoja na masharti hayo yote, neno lenyewe halisemi kwamba mtoaji ni mwema. Halisemi kwamba ni tajiri, wala kwamba yuko juu ya anayepokea. Linasema tu kwamba kitu kilikuwa chake, na kwamba amekitoa.

Mfadhili ni neno la namna nyingine kabisa. Ndani yake mna fadhila, na fadhila tuliipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba maana ya ziada, ya kilichozidi, ya ubora wa mmoja juu ya mwingine. Kumfadhili mtu ni kumtendea wema ambao hakuwa na haki ya kuudai. Wema huo humwacha na deni lisiloandikwa popote, nalo huitwa shukrani. Wahenga walilijua hilo, ndiyo maana methali ya kumfadhili mbuzi inalalamika kwamba mbuzi utakunywa mchuzi wake, bali binadamu ataishia kukuudhi. Malalamiko hayo hayana maana ila kwa mtu aliyetarajia kulipwa shukrani. Na lugha yetu ina neno la kile kinachofuata shukrani isipotosha: masimango. Sijui mtu yeyote anayesimangwa kwa kitu alichonunua au alichorithi. Husimangwa kwa fadhila.

Sisemi kwamba mfadhili ni neno baya. Mwanafunzi aliyelipiwa ada na mtu asiyemjua ana haki ya kumwita mfadhili, na neno hilo linamkaa vyema aliyelipa, kwa kuwa alikuwa na ziada, akaielekeza kwa mwingine bila kulazimishwa. Ninachosema ni kwamba neno hili lina uzito wake, na uzito huo hatuwezi kuuweka juu ya kila mtu anayetoa chochote popote. Mhisani nalo lina historia yake, ingawa mimi naliona kuwa pole zaidi. Linatoka kwenye ihsani, yaani kutenda jema kwa uzuri, na ndani yake wema unasikika zaidi kuliko ziada.

Kiswahili hakikuwahi kuwa maskini wa maneno ya kutoa. Tuna kupa, kitenzi kifupi ambacho hakikubali kusimama bila anayepewa. Huwezi kusema "nimepa" ukanyamaza, lazima useme umempa nani. Tuna kutoa, ambako macho yako kwenye kitu kinachotoka mkononi, na anayepokea anaweza asitajwe kabisa, au hata asijulikane. Tuna kuchanga, ambako hakuna anayetoa peke yake: kila mmoja analeta kidogo, na kidogo cha kila mmoja kinapotea ndani ya jumla. Tuna hiba, zawadi ya mtu aliye hai, ambayo kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu hukamilika inapotolewa, ikakubaliwa na kukabidhiwa, pasipo malipo ya kurudi. Tuna wakfu, ambalo asili yake ni kusimamisha: mali inasimamishwa, haiuzwi tena wala hairithiwi, na manufaa yake yanaendelea kwenda kwa waliotajwa hata baada ya mweka wakfu kuzikwa. Mtu anayemwita mweka wakfu mfadhili hajakosea sana, lakini amepoteza jambo kubwa, nalo ni kwamba huyu amejiondolea hata uwezo wa kuibadili nia yake. Tuna pia mpaji, ambalo waungwana wengi hulihifadhi kwa Mungu, nami sipendekezi tuliondoe huko.

Sasa tuingie hospitalini, kwa kuwa huko ndiko neno donor linakofanya kazi nzito kuliko kwingine kote.

Mnamo mwaka 1901 Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, alieleza kwamba damu za watu zimegawanyika katika makundi, na kwamba damu isiyopatana na ya mgonjwa inaweza kumuua badala ya kumwokoa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na tarehe aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo dunia inayoiadhimisha tangu mwaka 2004 kuwa siku ya wanaotoa damu. Ugunduzi wake uliligeuza neno donor. Kabla yake mtoaji alitambulika kwa nia yake; baada yake alianza kutambulika pia kwa kile kilichomo mishipani mwake, ambacho hakukichagua. Mtu mwenye damu ya kundi O hasi huitwa mtoaji kwa wote, kwa sababu chembe zake nyekundu zinaweza kupewa karibu mgonjwa yeyote katika dharura. Lakini yeye mwenyewe akihitaji chembe hizo, hawezi kupokea ila za O hasi. Kila ninapolifikiria jambo hilo najikuta nimekaa kimya, maana hakuna fadhila iliyomweka mtu huyo hapo, wala hakuna ziada.

Katika damu, Kiswahili kimefanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi kwenye fomu zangu. Watu wanasema mtoa damu, au mchangia damu, na matangazo mengi yanawaita wananchi wakachangie damu. Napenda sana kitenzi hicho. Anayechangia damu haoni itakwenda kwa nani, na anayeipokea hajui imetoka kwa nani. Imeingia kwenye akiba, kama mchango wa msiba unavyoingia kwenye daftari na kuwa fedha za msiba. Anayechangia hutoa mara nyingi kiasi cha mililita 450, majimaji ya damu yanarudi mwilini mwake ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu zinarudi baada ya majuma kadhaa, na kesho kutwa anaweza kuwa yeye ndiye anayelala kitandani akingoja ya wenzake. Neno linalowaweka wote kwenye mstari mmoja namna hiyo ni hazina.

Hata hivyo, kuna mtu mmoja ambaye neno hilo linatutatiza juu yake. Shirika la Afya Duniani hutofautisha aina tatu za wanaotoa damu: anayetoa kwa hiari bila malipo, ndugu anayetoa ili kufidia damu aliyopewa mgonjwa wake, na anayelipwa. Mkutano wa shirika hilo ulizihimiza nchi tangu mwaka 1975 zijenge huduma zao juu ya wale wa kwanza, kwa sababu anayehitaji fedha ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Nauliza: je, huyu wa tatu ni mtoaji? Kiingereza kinaendelea kumwita donor, na kwa kufanya hivyo kinawafunika mtoaji na muuzaji kwa shuka moja. Sisi hatulazimiki kufuata. Anayepokea bei ya damu yake ameiuza, pengine kwa sababu ya dhiki ambayo hatupaswi kumlaumu kwayo, na kumwita mchangiaji ni kuificha dhiki yake. Vilevile yule ndugu wa kati, ambaye amepigiwa simu usiku na kuambiwa kwamba mgonjwa wake hatahudumiwa mpaka mtu alete damu, hajatoa kwa uhuru ule ambao neno linamdhania. Namwita mtoa damu bila wasiwasi. Kumwita mfadhili siwezi.

Kwenye viungo vya mwili mambo yanazidi kuwa mazito. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray na wenzake walihamisha figo kutoka kwa kijana mmoja kwenda kwa pacha wake wa kufanana. Aliyepokea aliishi miaka minane zaidi. Aliyetoa aliishi hadi mwaka 2010 akiwa na figo moja. Hapo tunamjua mtoaji ni nani, na tunajua alichokitoa hakikuwa ziada kwa maana yoyote ya fadhila. Madaktari wanaweza kutuambia kwamba figo moja inatosha, lakini hakuna anayelala mezani apasuliwe akiwa mzima kwa hisia kwamba anagawa kilichomzidi.

Kisha ukaja upandikizaji wa moyo. Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Christiaan Barnard aliuhamisha moyo wa mwanamke kijana aliyegongwa na gari barabarani. Mama yake alifariki katika ajali hiyohiyo. Baba, ambaye alikuwa amempoteza mke na alikuwa anaambiwa kwamba binti naye hatarudi, ndiye aliyetoa ruhusa. Mgonjwa aliyewekewa moyo huo aliishi siku 18. Vitabu vya utabibu vinamtaja binti kuwa donor, na kwa lugha ya utabibu ni sawa, kwa kuwa moyo ulikuwa wake. Lakini binti hakuulizwa, na hakuweza kuulizwa. Aliyeulizwa hakutoa moyo wake, bali alitoa neno lake. Kiswahili kinaweza kulisema jambo hilo kwa uwazi kuliko Kiingereza, kikitaka: binti alitolewa moyo, baba aliridhia. Vitenzi viwili, watu wawili, na msiba wa kila mmoja unabaki kwake.

Nchi nyingine zimelipeleka neno mbali zaidi kwa njia ya sheria. Hispania tangu mwaka 1979 na Uingereza yenyewe tangu mwaka 2020 zina sheria zinazomhesabu mtu mzima kuwa ameridhia kutolewa viungo baada ya kufa isipokuwa amekataa, ingawa jamaa bado huulizwa. Siingii katika mjadala wa kama sheria hizo ni nzuri. Naona tu, kama mtu wa lugha, kwamba hapo mtu anakuwa mtoaji kwa kunyamaza, na kwamba tukimwita mfadhili tutakuwa tumemsifu kwa jambo ambalo huenda hakuwahi kulifikiria hata dakika moja.

Wanasayansi wa maabara wamekwenda hatua ya mwisho, wakaiondoa nia kabisa. Katika silikoni, ambayo kila atomu yake ina elektroni nne za kuungana na jirani zake, huchanganywa fosforasi kidogo yenye tano. Nne zinaungana, ya tano inabaki huru na kubeba umeme. Atomu hiyo ya fosforasi nayo huitwa donor, na vifaa vyetu vya kielektroniki vinategemea kazi hiyo. Hapa mtoaji ni neno linalofaa bila mjadala, na mwalimu wa fizikia akisema mfadhili wanafunzi wake watashangaa kwa haki. Nimeutaja mfano huu mfupi kwa sababu unaonyesha kiini cha neno kikiwa kimevuliwa nguo zote: kimetoka hapa, kimekwenda pale.

Mnaweza kuuliza kwa nini basi mfadhili limeenea kiasi hiki. Jibu langu ni kwamba limeenea kwa njia ya fedha za serikali na mashirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi zilizokuwa zikitoa misaada ziliunda kamati yao ya pamoja, ambayo ikawa sehemu ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka lengo kwamba kila nchi tajiri itenge asilimia 0.7 ya pato lake kwa msaada huo. Magazeti ya Kiswahili yakahitaji neno la kuziita nchi hizo, na yakaandika nchi wahisani, nchi wafadhili, wakati mwingine wafadhili tu, kana kwamba ni kabila la watu wanaozaliwa hivyo. Korea Kusini, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa upande wa wanaopokea, iliingia kwenye kamati hiyo ya watoaji mwaka 2010. Kutoa ni tendo. Leo ni lako, kesho ni la mwingine.

Jambo linaloniuma zaidi katika matumizi hayo ni mkopo. Kwa miongo mingi, kanuni za kamati hiyo ziliruhusu mkopo wa serikali uhesabiwe kuwa msaada mradi sehemu yake iliyo sawa na ruzuku, yaani fedha zisizodaiwa kurudishwa, isipungue asilimia 25, na kiasi chote kilichokopeshwa kiliingia kwenye hesabu, kisha marejesho yakatolewa kwenye hesabu hiyo kadiri yalivyolipwa. Tangu takwimu za mwaka 2018 inahesabiwa ile sehemu ya ruzuku peke yake, na hilo ni jema. Lakini katika habari zetu aliyekopesha na aliyetoa bure bado wanapanda jukwaa moja kwa jina moja. Wajukuu watakaolipa deni hilo wana haki ya kusoma kwamba babu zao walikopeshwa. Mkopeshaji ni neno zuri, la heshima, na halimvunjii mtu yeyote hadhi.

La pili ni swali la kitu kilikuwa cha nani. Shirika linalokusanya senti za maelfu ya watu na kuzipeleka mahali fulani limefanya kazi ya maana, lakini lilichotoa si chake. Ofisa wa serikali anayekabidhi hundi mbele ya kamera anakabidhi kodi ya wafanyakazi ambao hawapo ukumbini. Tunayo maneno ya kuwataja watu hawa kwa haki: mkusanyaji, mgawaji, msimamizi, mwakilishi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walisema waliotutangulia. Na mwandishi anayemwita mgawaji mtoaji amemnyang'anya mwenye moyo sifa yake na kumpa aliyeshika kalamu ya kutia sahihi.

Najua kwamba mashirika yenyewe yameshaanza kuliona tatizo, na ndiyo sababu tangu Azimio la Paris la mwaka 2005 na mikutano iliyofuata tunasikia zaidi washirika wa maendeleo. Nia yake naiheshimu. Hata hivyo naliogopa neno hilo kidogo, kwa sababu ushirika ni usawa wa kuamua, na mahali ambapo mmoja anaamua na mwingine anaripoti kila robo mwaka, neno ushirika linamfunga mdomo yule anayetaka kuuliza nani ameweka masharti. Afadhali tuseme watoaji, tuseme masharti yao ni haya, na tuyajadili. Zile hati za ardhi zilizolindwa na sheria ya mwaka 1285 angalau ziliyaandika masharti waziwazi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, wahariri na wafasiri, ni dogo na la kazi. Tukikutana na donor, tusikimbilie kamusi kabla ya kuuliza nini kimetoka, kilikuwa cha nani, na kama kitarudi. Mara nyingi jibu litakuwa mtoaji, au mtoa kitu fulani kwa jina lake. Penye wengi litakuwa mchangiaji. Kwenye mali iliyofungwa daima litakuwa mweka wakfu. Na mfadhili litabaki kwa yule ambaye kweli ametenda fadhila, naye atalipata likiwa na heshima yake kamili kwa kuwa hatukulitawanya.

Zile fomu za hospitali niliziomba nizirekebishe, nikakubaliwa. Pale palipokuwa na mstari mmoja sasa ipo miwili. Wa kwanza unauliza jina la mtoa figo. Wa pili, chini kabisa ya ukurasa, unauliza ni nani atakayelipa gharama, na pembeni yake pameandikwa kwamba mstari huo unaweza kuachwa wazi.

Asanteni kwa kunisikiliza.